Mkono Uliofunga Mtutu

Baba Pacha alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakikumpa mkate wala heshima nje ya klabu, lakini ndani ya klabu kilimvimbisha kichwa: ukimpa karatasi ya shabaha iliyokwisha kupigwa, atakuambia nani aliyeipiga. Karatasi haina jina. Ina miduara na matundu ya risasi za bunduki ya upepo, vitundu ambavyo kichwa cha njiti ya kiberiti kinapita kwa taabu. Yeye ataigeuza kwenye mwanga, atakunja uso kama hakimu, kisha atasema huyu ni mwalimu, anavuta kifyatuo kwa pupa. Huyu ni mpishi, na leo hakulala vizuri. Alikuwa hakosei. Wenzake walibishana naye kwa dau la soda mpaka wakachoka kumnunulia soda.

"Mkono wa mtu ni mwandiko," alizoea kusema, na ukimwacha alikuwa tayari kulisema tena.

Mwandiko aliojidai kuujua kuliko yote ulikuwa wa mkewe. Risasi za Mama Pacha zilikaa pamoja, zimebanana kidogo upande wa kulia wa kati, kama vifaranga chini ya bawa la mama yao. Na mwandiko aliouchukia kuliko yote ulikuwa wa nahodha wa klabu. Huyu alikuwa kinyozi, duka lake limegusana ukuta na ukumbi wa klabu, na alipiga huku anapumua, hivyo risasi zake zilipangana moja juu ya nyingine, wima, haziendi kushoto wala kulia. Ndiyo maana wakamwita Msumari. Alikuwa mgane, mrefu, ananukia mafuta ya nywele tangu asubuhi, na alikuwa na namna ya kulitamka neno "shemeji" ambayo Baba Pacha aliiona ina sukari nyingi kupita kiasi.

Mwenyewe Baba Pacha alikuwa fundi wa kufuli na vitasa. Zamani alipiga shabaha vizuri, mpaka jicho lake la kulia lilipoanza kumwonyesha miduara miwili mahali penye mmoja. Akaweka bunduki chini kwa uchungu mkubwa, kisha akajiteua kuwa fundi wa bunduki ya mkewe, cheo ambacho hakuna aliyekigombea.

Bunduki yenyewe aliinunua yeye, na hilo hakuna aliyeruhusiwa kulisahau. Ilikuwa bunduki moja yenye mitutu miwili: mtutu mwembamba wa kupigia karatasi ukumbini siku ya Jumamosi, na mtutu mnene wa kuangushia vibati uwanjani siku ya Jumapili. Unalegeza skrubu mbili, unachomoa huu, unachomeka ule, unakaza, basi. Siku alipoileta klabuni aliibeba mikononi kama mtoto aliyezaliwa jana.

"Ninyi wengine mnatembea na bunduki mbili kama watu wanaohama nyumba," aliwaambia. "Hii moja, lakini ni mbili. Na haikosei."

Msumari aliipokea, akachungulia penye kiungo cha mtutu, akairudisha kwa adabu. "Nzuri," alisema. "Ila kaka, mtutu wa kuvua na kuvaa ni kama meno ya bandia. Kutafuna utatafuna. Lakini kila ukiyatoa na kuyarudisha, hayakai palepale."

Ukumbi mzima ukacheka. Mama Pacha naye akacheka, kidogo tu, kiganja kikiwa mdomoni, na kicheko hicho kidogo ndicho kilichomkwama Baba Pacha kooni kama mwiba wa samaki. Wa wengine aliumeza. Huu wa mkewe ulibaki.

Basi kila Ijumaa jioni, baada ya kula, Baba Pacha alitandika taulo kwenye meza na kufunga mtutu mwembamba. Alikaza kama alivyokaza vitasa vya milango ya watu: skrubu ya mbele kwanza, kwa nguvu zote za kiganja, kisha ya nyuma, kisha akarudia ya mbele mpaka bisibisi ikalia. Mwizi asingeufungua mtutu ule. Mkewe alikaa upande wa pili wa meza akimtazama bila neno. Alikuwa mpiga picha za mifupa hospitalini, mchana kutwa kazi yake kuwaambia watu vuta pumzi, shikilia, usitikisike, na labda ndiyo sababu alikuwa hodari wa kunyamaza.

Jumamosi mchana alirudi na karatasi zake, na mumewe akazisoma mlangoni kabla hata hajavua viatu. Vifaranga vimebanana.

"Unaona?" Baba Pacha alisema. "Hiyo ni kazi ya fundi. Meno ya bandia gani hayo?"

"Nimeona, Baba Pacha," mkewe alijibu, akaenda kuinjika chai.

Mambo yangeendelea hivyo na wangezeeka kwa amani, kama isingekuwa mchujo. Klabu ilipata nafasi ya kupeleka timu kwenye mashindano makubwa, na katika timu hiyo nafasi ya mwanamke ilikuwa moja. Mama Pacha alikuwa amekaa benchi la akiba miaka mingi mpaka benchi likamzoea. Safari hii kila mtu alisema nafasi ni yake, ingawa kulikuwa na fundi cherehani mmoja, msichana mwenye macho makali, aliyemfuata kwa karibu. Na Mama Pacha alikuwa ameshaanza kuisogeza simu mbali anapoisoma. Mumewe aliliona hilo na akajua maana yake, kwa kuwa jicho lake lilianza vilevile. Kama si mwaka huu, basi tena.

Jioni moja, mumewe akitandika taulo, Mama Pacha aliweka mkono juu ya bunduki.

"Kuanzia sasa mpaka mchujo upite, mtutu huu mwembamba hautatoka," alisema. "Nimeufunga mwenyewe. Nakuomba usiuguse, Baba Pacha. Hata kwa kuufuta vumbi."

"Umeufunga mwenyewe? Tangu lini unajua kufunga?"

"Nimekuona ukifunga, si nimejifunza."

Alilisema kwa upole, tena akatabasamu. Lakini mume aliyekunja taulo lake na kulirudisha kabatini hakuwa mtu yule aliyelitandika. Alilala akitazama dari. Mwanamke hakatai mkono wa mumewe hivihivi, alijiambia, ila awe amepata mwingine. Alijionea aibu kwa wazo hilo, akaligeuzia mgongo, na lenyewe likamfuata upande wa pili wa mto.

Wiki hiyo aliitwa kutengeneza kitasa cha duka la dawa lililotazamana na ukumbi wa klabu. Ilikuwa adhuhuri. Alikuwa amepiga goti mlangoni, midomo imebana skrubu, alipomwona mkewe anatoka kwenye duka la kinyozi. Alikuwa bado amevaa koti jeupe la kazi, sanduku la bunduki begani, anacheka. Mkononi ana ufunguo. Akauzungusha kidoleni, akazunguka nyuma ya ukumbi, na mlango wa nyuma ukasikika ukifunguka. Haukupita muda Msumari naye akatoka na chupa ya chai na vikombe, akafunga duka lake mchana kweupe, akazunguka kulekule.

Baba Pacha alikaribia kumeza skrubu. Kilichomuuma kwanza, ajabu, kilikuwa ule ufunguo. Mtaa mzima ulikuja kwake kwa ajili ya funguo. Waliopoteza, waliovunja, waliofungiwa nje na wake zao. Leo mke wa fundi kufuli anaomba ufunguo kwa mwanamume mwingine, tena anacheka akiupokea. Alikaza kitasa kile cha duka la dawa kwa hasira hivi kwamba mwenye duka alishinda siku mbili akiingilia dirishani.

Dada yake Baba Pacha alikuwa na kibanda cha kutolea nakala kando ya kile cha kaka yake cha kufuli. Watu walimwita Bi Simo, kwa sababu hakuna umbea aliouanza bila kusema "mimi simo". Alimwona kaka yake karudi amefura, akasogeza kiti.

"Mimi simo," alisema, "lakini wifi yangu siku hizi ananyoa?"

"Sema unachotaka kusema, dada."

"Sina ninalotaka kusema. Nimemwona akiingia kwa kinyozi mara mbili, na nywele zake ndefu vilevile. Nikasema labda kinyozi ana dawa ya mba. Mimi simo."

"Yule ni nahodha wake."

"Ndiyo, ni nahodha," Bi Simo alikubali, akarudi kwenye mashine yake. "Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema. Hawakusema nguo ya nani."

Jioni ile Baba Pacha alingoja mpaka wamekaa mezani. Alijitahidi kuiweka sauti yake mahali pa kawaida.

"Leo mchana ulikuwa wapi? Nilipita hospitali nikuletee chakula."

Hakupita hospitali. Alitega mtego, na alijua ni mtego, na akawa anaomba mkewe asiingie.

"Nilikuwa ndani, kazi nyingi," Mama Pacha alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani. "Ungeniita."

Tangu saa hiyo wivu ukamwingia mwilini kama homa. Alimwonea wivu mtu aliyekuwa akimchekesha mkewe. Aliyaonea wivu mafuta ya nywele. Aliionea wivu chupa ya chai, kwa kuwa hakumbuki lini yeye mwenyewe alimpelekea mkewe chai popote. Alipokutana na Msumari barabarani na Msumari akamwambia "Habari za nyumbani, kaka?" alilisikia neno nyumbani kwa masikio mapya, akapita bila kujibu. Alianza kumtazama mkewe akiwa usingizini, kama mtu anayetazama kufuli aliyoitengeneza mwenyewe na leo haimfungukii.

Kisha akaiona karatasi.

Ilikuwa siku moja kabla ya mchujo. Mama Pacha alikuwa kazini, sanduku la bunduki liko nyumbani chini ya kitanda. Baba Pacha alilivuta. Alijiambia anatafuta kopo la mafuta, ingawa mafuta yalikuwa jikoni mahali yalipokaa siku zote. Chini ya sifongo la sanduku vidole vyake viligusa karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliitoa, akaisogeza dirishani.

Karatasi moja, watu wawili. Nusu ya chini, vifaranga vya mkewe, vimebanana kuliko alivyowahi kuviona. Nusu ya juu, matundu yamesimama wima, moja juu ya jingine, hayaendi kushoto wala kulia.

Hakuhitaji kuigeuza. Msumari na mkewe walikuwa wamepiga karatasi moja. Klabuni hakuna mtu anayepiga karatasi ya mwenzake. Karatasi ni ya mtu, kama mswaki. Yeye mwenyewe, siku alizokuwa akimposa Mama Pacha, aliwahi kumwomba wapige pamoja karatasi moja, na waliitia kwenye fremu, na fremu hiyo ilikuwa ukutani sebuleni mpaka leo. Alikaa kitandani. Machozi yalimjia na hakuyazuia, kwa kuwa nyumba ilikuwa tupu.

Alipokwisha kulia, aliitazama bunduki. Kumbe ndiyo maana aliambiwa asiuguse. Ule mtutu haukufungwa na mkewe, alifikiri. Mke gani anayejua kufunga? Ulifungwa na mikono ya kinyozi, na kesho mkewe ataegemeza shavu lake juu ya kazi ya mtu yule mbele ya watu wote, na akishinda atakuwa ameshinda kwa mkono ule.

Akatandika taulo. Hakutaka kumharibia. Haya yasemwe wazi, maana baadaye wapo waliosema vingine: hakutaka kumharibia hata kidogo. Alitaka ashinde. Ila alitaka ashinde kwa mkono wa mumewe. Akalegeza zile skrubu, na zilimshangaza kwa jinsi zilivyokazwa kwa upole, kama kwa mkono wa kike. Akauchomoa mtutu, akaufuta, akauchomeka tena. Skrubu ya mbele kwanza, kwa nguvu zote za kiganja. Kisha ya nyuma. Kisha akarudia ya mbele mpaka bisibisi ikalia. Karatasi akaikunja, akairudisha. Kwa mara ya kwanza wiki ile alikula akashiba.

Mchujo ulijaza ukumbi. Utaratibu wa klabu ulikuwa huu: kila mpigaji anaanza na karatasi ya majaribio, kisha karatasi zenyewe zinazohesabiwa, na kila moja ikimalizika mwamuzi anaivuta kwa kamba na kuibandika ubaoni, watu wote waione. Ukishasimama kwenye mstari hakuna kugusa bisibisi. Darubini iliyo juu ya bunduki unaweza kuizungusha kurekebisha shabaha, mtutu huugusi.

Baba Pacha alikaa safu ya pili. Benchi la mbele yake alikaa Msumari, harufu ile ile, glasi ya chai mikononi. Mama Pacha aliingia mstarini amefunga kitambaa kichwani, hakumtazama mtu. Akavuta pumzi, akashikilia.

Karatasi ya majaribio ilipobandikwa, Baba Pacha alidhani macho yake yanamcheza. Aliinuka nusu. Risasi zilikuwa zimesimama wima, moja juu ya nyingine, haziendi kushoto wala kulia.

Akamtazama Msumari. Msumari alikuwa palepale, mikono yote miwili imeshika glasi ya chai. Akatazama tena ubaoni. Msumari yupo hapa, misumari yake iko kule, na kati yake na karatasi ile hakuna mtu isipokuwa mke wake aliyepiga goti na bunduki.

Mama Pacha naye aliiona. Alizungusha darubini, kidogo, akazungusha tena. Lakini kila aliyewahi kupiga shabaha anajua kwamba darubini inahamisha kundi zima la risasi, hailikusanyi lililotawanyika. Karatasi ya kwanza iliyohesabiwa ikaja, misumari. Ya pili, misumari. Minong'ono ikaanza nyuma ya ukumbi.

Msumari aligeuka kwenye benchi. Uso wake haukuwa na utani wowote. "Kaka," alinong'ona, "kuna mtu ameugusa ule mtutu?"

Baba Pacha alibaki akiutazama ubao. Mambo yote yalikuwa yakimjia kwa pamoja, na kwa mpangilio, na kila moja lilipoingia lilimwumiza mahali pake. Zile risasi za juu kwenye karatasi hazikuwa za mwanamume yeyote. Zilikuwa za mkewe, kwa mtutu uliofungwa na mumewe. Zile za chini zilikuwa za mkewe, kwa mtutu alioufunga mwenyewe. Kwa wiki nzima alikuwa amemchukia mtu usiku na mchana, na mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe, yule anayemnyoa ndevu kila asubuhi kwenye kioo cha bafuni.

Mkewe alipiga mpaka risasi ya mwisho. Hakutupa hata moja kwa hasira. Alivuta pumzi, akashikilia, akafyatua, kila mara kama inavyotakiwa, na kila mara mtutu ukaipeleka mahali ulipotaka. Msichana wa cherehani akachukua nafasi, akaanza kulia kwa furaha, na wa kwanza kwenda kumkumbatia alikuwa Mama Pacha.

Baba Pacha alimkuta kwenye meza ya pembeni. Alikuwa akipapasa zile skrubu kwa ncha za vidole.

"Umeufungua," alisema.

"Nimeufungua. Jana."

Mama Pacha aliitikia kwa kichwa, taratibu. Hakupandisha sauti, na mumewe alitamani angepandisha.

"Ukiufunga wewe, unasimamisha misumari," alisema. "Tangu siku ya kwanza. Unaukaza mbele kabla haujaketi. Kila Jumamosi nikifika hapa naufungua, nausimamisha wima ujikalie wenyewe, naanza na skrubu ya nyuma, kidogo kidogo. Karatasi nilizokuletea nyumbani zilikuwa za baada ya hapo. Na hata hivyo ukishatolewa haurudi palepale, kwa hiyo nikaomba ufunguo nije adhuhuri, niutafute mpaka ukae sawa. Nikaupata. Nikasema hautatoka tena, nikaendelea kuja adhuhuri kufanya mazoezi tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshauambia ukumbi mzima kwamba bunduki yako haikosei. Msumari aliniambia nikwambie. Nikamwambia heri nipate taabu mimi kuliko uchekwe wewe. Tangu siku hiyo hakutia tena mzaha kuhusu meno ya bandia. Hukuona?"

Hakuona. Alikuwa ameona mengine mengi, yote yasiyokuwepo.

Penye meza ya vinywaji mpishi wa klabu, mtu wa maneno, alikuwa amewakusanya watu. "Leo Mama Pacha kaazima mkono wa nahodha," alisema kwa sauti. "Jamani, uzee. Vifaranga vimekua, vimeanza kupanda ngazi."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kilikuwa kinamwendea mkewe. Mama Pacha aliinamisha kichwa akajishughulisha na mkanda wa sanduku. Baba Pacha aliona shingo yake ilivyoinama, na kitu kikamsukuma katikati ya ukumbi kabla hajajua atasema nini.

"Sikilizeni," alisema. "Mtutu niliufunga mimi. Mkono wake ni uleule. Siku zote ninapoufunga mimi, unapiga hivyo, na yeye akija hapa anaufunga upya nyuma ya mgongo wangu ili msinicheke. Jana nimeufungua tena, akiwa ameniomba nisiuguse. Nafasi yake nimeipoteza mimi. Bunduki ile nilisema haikosei. Inakosea. Ni meno ya bandia, kama nahodha alivyosema."

 Kisha mpishi akapasuka, na ukumbi mzima ukafuata, mpaka mwamuzi akavua miwani akafuta macho. Kicheko alichokikwepa mwaka mzima kilimpata chote kwa mara moja, na Baba Pacha akasimama katikati yake, masikio yanawaka moto, akakipokea. Kisha akarudi kwenye meza ya pembeni akijisikia ametua mzigo. Alidhani, maskini, kwamba yamekwisha.

"Wameelewa," alimwambia mkewe.

"Wameelewa habari ya bunduki," Mama Pacha alisema. "Hujawaambia kwa nini uliufungua."

Baba Pacha aliinamia sanduku kama anayetafuta kitu ndani yake.

"Ile karatasi niliyoificha nimeikuta sasa hivi imekunjwa mara tatu, nami niliikunja mara nne. Wiki nzima humsalimii Msumari. Umedai ulipita hospitali, na mlinzi ananiambia hajakuona. Mimi kazi yangu ni kutazama vilivyo ndani ya watu, Baba Pacha. Ulidhani nitashindwa kukuona wewe?" Sauti yake ilitikisika sasa, kwa mara ya kwanza siku ile. "Ulidai unaujua mkono wangu hata gizani. Umeletewa karatasi yenye mkono wangu mtupu, toka juu mpaka chini, ukaona mwanamume."

"Hilo ni letu sisi wawili," alisema. "Nitakuomba radhi nyumbani."

"Si letu wawili. Umemtia mtu wa tatu."

Akaonyesha kwa kidevu. Msumari alikuwa akipenya katikati ya watu kuja kwao, glasi mbili za chai mikononi, akiziinua juu zisimwagike. Alizitua mezani, moja kwa Mama Pacha, moja kwa mumewe, akamwekea Baba Pacha mkono begani.

"Pole, kaka," alisema. "Umesema kiume pale. Si kila mtu angeweza."

Mkono ule ulikuwa mwepesi na ulinukia mafuta ya nywele. Baba Pacha alimtazama mkewe, akiomba kwa macho aepushwe na hili moja tu, la kumwambia Msumari alichomdhania. Mama Pacha alifunga sanduku la bunduki, akalilaza sakafuni, akakaa juu yake, akangoja.